Vitabu vya kale vya safari za Afrika Mashariki: kuvitafuta, kuvihesabu na kuvitunza

Mtu akikuambia anauza kitabu cha msafiri Stanley cha mwaka 1878, Through the Dark Continent, usianze na bei. Anza na ramani: zipo, na ni ngapi? Vitabu vya wasafiri wa karne ya 19 waliopitia Zanzibar, Bagamoyo, Tabora na Ujiji vilichapwa vingi kuliko watu wanavyodhani. Adimu ni nakala iliyobaki nzima. Ramani kubwa za kukunja zilichanika mikononi mwa wasomaji, au zilichomolewa zikapotea, au zilikatwa na wauzaji waliogundua kuwa ramani na picha zikiuzwa mojamoja huleta fedha kuliko kitabu chenyewe. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii ni kuhesabu.

Hatua ya 1: Chagua njia moja

Ukinunua kila chenye neno Afrika mgongoni utaishia na rafu ya vitabu visivyojuana. Chagua njia, kama misafara ilivyochagua.

Njia ya kati, kutoka Bagamoyo hadi maziwa, ndiyo maarufu na ndiyo ghali. Humo yumo Burton na The Lake Regions of Central Africa (London, Longman, 1860, juzuu mbili), Speke na Journal of the Discovery of the Source of the Nile (Edinburgh na London, Blackwood, 1863), Stanley na How I Found Livingstone (1872), Last Journals za Livingstone zilizohaririwa na Horace Waller (John Murray, 1874, juzuu mbili) na Cameron na Across Africa (1877, juzuu mbili). Njia ya pwani ina vichache lakini vizito: Owen aliyepima mwambao (Bentley, 1833, juzuu mbili), Guillain wa Ufaransa (Paris, Arthus Bertrand, juzuu tatu pamoja na albamu kubwa ya picha na ramani, kuanzia 1856) na Burton tena, Zanzibar, City, Island, and Coast (Tinsley, 1872, juzuu mbili). Njia ya kaskazini inakupeleka Mombasa, Kilimanjaro na Umasaini: Krapf kwa Kijerumani mwaka 1858 na kwa Kiingereza 1860, von der Decken kati ya 1869 na 1879, Charles New 1873, Joseph Thomson 1885, Hans Meyer 1890.

Ushauri wetu ni kuanzia njia ya nne, ambayo wanunuzi wa London hawaigombei sana: vitabu ambamo watu wa huku wanasimulia wenyewe. Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli mjini Göttingen mwaka 1901, masimulizi ya Kiswahili ya watu waliosafiri bara, na mmojawapo, Salim bin Abakari, alifika hadi Urusi na Siberia. Tafsiri yake ya Kijerumani, Schilderungen der Suaheli, ilitoka mwaka huohuo na ni kitabu kingine. Wauzaji huvichanganya, hivyo soma jina vizuri. Maisha ya Tippu Tip yalitoka kwa Kiswahili katika jarida la chuo cha lugha za Mashariki cha Berlin mwaka 1902 na 1903, kwa kazi ya Heinrich Brode. Memoiren einer arabischen Prinzessin ya Emily Ruete, yaani Bibi Salme binti Said, ilitoka Berlin mwaka 1886. Muuzaji asiyejua Kiswahili huviweka vitabu kama vya Velten kwenye rafu ya sarufi, na bei huwa ya sarufi. Wewe unajua kilichomo ndani.

Kuna na njia ya mkato kwa mwenye mfuko mdogo. Maelezo marefu ya Burton juu ya maziwa yalijaza juzuu la 29 la jarida la Royal Geographical Society, na makala za Speke zilitoka katika Blackwood's Magazine mwaka 1859. Ile ramani ya wamisionari Erhardt na Rebmann, yenye ziwa moja kubwa lenye umbo la konokono asiye na gamba, ilitoka katika jarida la Petermann la Gotha mwaka 1856. Ni ramani hiyo iliyowasha hamu ya safari ya Burton na Speke mwaka 1857. Majarida ya namna hii, ramani zikiwa ndani, huuzwa kwa sehemu ndogo ya bei ya vitabu.

Hatua ya 2: Kishike kitabu kabla ya kukinunua

Nenda maktaba kwanza. Mkusanyo wa Afrika Mashariki wa Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nyaraka za Zanzibar pale Kilimani, Nyaraka za Taifa za Kenya jijini Nairobi zenye vitabu vya Joseph Murumbi, na maktaba ya McMillan, vyote vina vitabu vya aina hii. Omba nakala, ipime kimo kwa rula, pekua, zoea uzito wa karatasi na sauti yake. Jicho lililoona nakala halisi tatu haliwezi kudanganywa kirahisi na picha za mtandaoni.

Ukiwa huko tengeneza kadi ya kila kitabu unachokitafuta. Andika mchapishaji, mji, mwaka, idadi ya juzuu, kimo kwa sentimita, kurasa za utangulizi zenye namba za Kirumi, kurasa za matini, idadi ya kurasa za picha, idadi ya ramani na mahali pa kila ramani: mbele, katikati, au kwenye mfuko wa ndani ya jalada la nyuma. Mara nyingi kitabu chenyewe kinakupa hesabu. Ukurasa wa jina wa Through the Dark Continent, toleo la London la 1878, unasema wazi kuwa kuna ramani kumi na picha 150 za kuchongwa kwenye mbao. Lake Regions iwe na picha 12 za rangi za ukurasa mzima pamoja na ramani ya kukunja. Missionary Travels ya Livingstone (1857) iwe na picha ya kukunja ya maporomoko ya Victoria mbele, na ramani mbili, moja ikiwa mfukoni nyuma. Kwa Burton, orodha iliyotengenezwa na Norman Penzer mwaka 1923 bado inatumika.

Tahadhari moja juu ya nakala za kidijitali zilizoko Internet Archive na kwingineko: mashine nyingi zilipiga picha ramani ikiwa imekunjwa. Utaona kipande cha kona ya ramani na kudhani ni ramani ndogo. Tumia nakala hizo kuhesabu kurasa na picha, ila ramani zihakikishe kwenye kitabu chenyewe.

Hatua ya 3: Vifaa

Unahitaji rula, penseli laini ya 2B, lenzi ya kukuzia mara 10, tochi ndogo, na taa ya urujuanimno, ileile ambayo maduka hukagulia noti bandia. Mikono iwe safi na mikavu. Glavu za pamba ziache. Hupunguza hisia za vidole, na ndipo karatasi inapochanika.

Hatua ya 4: Hesabu

Weka kitabu juu ya taulo iliyokunjwa ili kisifunguke zaidi ya kinavyotaka. Anza na ukurasa wa jina. Linganisha mwaka na mchapishaji na kadi yako, kisha angalia nyuma ya ukurasa huo. Kabla yake kwa kawaida kuna karatasi yenye jina fupi tu la kitabu. Mafundi waliojalidi upya waliitupa mara nyingi, na kukosekana kwake hupunguza thamani ingawa hakuna anayeisoma.

Kisha hesabu mikunjo. Karatasi kubwa ya kiwandani ilikunjwa ikawa karatasi 8, yaani kurasa 16, na kila mkunjo ulipewa herufi chini ya ukurasa wake wa kwanza ili fundi asikosee mpangilio. Katika vitabu vingi vya Kiingereza vya ukubwa wa kawaida, B iko ukurasa wa 1, C ukurasa wa 17, D ukurasa wa 33. Herufi zilizotumika ni 23, kwa kuwa J, V na W ziliachwa, na baada ya Z unarudia AA au 2A, ambayo itaangukia ukurasa wa 353. Vitabu vya Kijerumani hutumia namba badala ya herufi. Ukiona unaruka kutoka K kwenda M, kuna kurasa 16 zilizokosekana, hata kama mgongo unang'aa. Namba za kurasa peke yake hazitoshi: jicho linalosoma haraka hupita juu ya pengo.

Picha za ukurasa mzima kwa kawaida hazimo kwenye hesabu ya mikunjo, kwa sababu zilichapwa peke yake zikabandikwa. Zihesabu kwa kufuata orodha ya picha iliyoko mwanzoni, moja baada ya moja, ukitia alama kwenye kadi. Mahali ambapo picha ilikuwepo huacha ushahidi: wino na asidi ya karatasi huhamia ukurasa unaotazamana nao na kuacha kivuli cha kahawia chenye umbo la picha au la ramani iliyokunjwa. Ukiona kivuli bila mwenyewe, kimekatwa. Tazama pia kwenye mshono kama kuna ukingo mwembamba wa karatasi uliobaki. Usihukumu haraka hapo, kwa sababu ramani nyingi zilibandikwa tangu mwanzo kwenye ukingo wa namna hiyo. Kilichokatwa kwa wembe kina ukingo mkali na mara nyingi mkwaruzo kwenye ukurasa wa chini yake.

Sasa ramani. Ingiza kidole ndani ya mfuko wa jalada kabla hujamsikiliza muuzaji, maana mifuko mitupu ni mingi. Kuifungua, egemeza kitabu upande mmoja, shika ramani karibu na mshono kwa mkono wa kushoto, na fungua mkunjo mmoja mmoja kwa mpangilio uleule uliokunjwa. Usigeuze mkunjo kinyume chake. Nyuzi za karatasi ya miaka 150 hukatika papo hapo. Mahali pa kwanza kuchanika ni pale ramani inapoungana na kitabu, na pa pili ni makutano ya mikunjo, ambako hutokea tundu. Mpasuko wa sentimita tatu nne kwenye maungio ni wa kawaida na unatengenezeka. Utepe wa gundi wa plastiki ni balaa: baada ya miaka gundi yake huingia ndani ya karatasi na kuwa doa la njano lisilotoka.

Je, ramani ni ya asili au ni nakala iliyoingizwa juzi? Washa taa ya urujuanimno gizani. Karatasi nyingi za baada ya katikati ya karne ya 20 zina kemikali ya kung'arisha na huwaka buluu-nyeupe. Karatasi ya 1860 hubaki hafifu, ya manjano au kahawia. Kisha tumia lenzi. Nakala ya kisasa ya rangi inaonyesha vitone vidogo vya buluu, waridi na njano vilivyopangika kwa safu. Hapa wanaoanza hujikwaa: picha za vitabu vya miaka ya 1890 na kuendelea zina vitone pia, kwa sababu ndipo picha za kamera zilipoanza kuchapwa kwa njia hiyo. Hivyo ni vitone vyeusi tu. Ukiona vya rangi tatu, kwa kawaida hiyo si kazi ya karne ya 19.

Maliza na juzuu zenyewe. Seti nyingi zinazouzwa ni za ndoa ya mkeka: juzuu la kwanza lilitoka nyumba hii, la pili nyumba ile, muuzaji akazikutanisha. Zisimamishe pamoja. Kimo kilingane, rangi ya mgongo iwe imefifia sawasawa, sahihi au kibandiko cha mwenyewe kiwe kilekile, na madoa yafanane. Ndoa hiyo si haramu, mradi bei yake iwe ya ndoa ya mkeka.

Hatua ya 5: Toleo la kwanza, na vinavyofanana nalo

Mwaka kwenye ukurasa wa jina hautoshi. Vitabu vilivyouzwa haraka vilichapwa tena ndani ya mwaka uleule, na maneno ya toleo la pili au "elfu ya kumi" yamewekwa kwa herufi ndogo chini ya jina. Katalogi ya mchapishaji iliyojalidiwa mwishoni husaidia: ikiwa ina tarehe ya miaka mitatu baada ya kitabu, basi karatasi zilikaa ghalani na kujalidiwa baadaye. Matoleo ya Marekani, kama ya Harper ya Through the Dark Continent, ni ya mwaka huohuo na ni bei nafuu zaidi. Usiuziwe kwa bei ya London.

Chapa za marudio za miaka ya 1960, na za leo zinazochapwa moja moja zikiagizwa, hazina hila zenyewe, hila huwa kwa muuzaji anayeandika mwaka wa asili tu. Omba picha ya nyuma ya ukurasa wa jina.

Kosa la kinyume nalo lipo. First Footsteps in East Africa ya Burton (1856) ilitakiwa kuwa na nyongeza ya nne, kwa Kilatini, juu ya mambo ya faragha ya wanawake, na ikaondolewa kabla kitabu hakijatoka. Nakala zenye kurasa hizo ni chache mno duniani. Ukikuta haimo usipunguze bei hata shilingi, na anayedai anayo atume picha ya kila ukurasa.

In Darkest Africa ya Stanley (1890) inastahili neno lake. Toleo la kawaida limejaa sokoni, na asiyejua huambiwa ni adimu. Adimu ni toleo kubwa la nakala 250 lililosainiwa na Stanley. Sahihi iliyokatwa kwenye barua na kubandikwa ndani ya toleo la kawaida haigeuzi kitu.

Hatua ya 6: Kusoma tangazo la muuzaji na kununua

Wauzaji wa Uingereza na Marekani huandika kwa mafumbo ya kazi, na kila fumbo lina gharama. "Foxed" ni madoa ya kahawia yaliyotapakaa. "Rebacked" ni kitabu kilichowekewa mgongo mpya. "Ex-library" kilitoka maktaba, tarajia mihuri. "Wanting" au "lacking" ndilo neno la kutafuta kwa makini, maana linatangulia jina la kitu kilichokosekana. "W.a.f." maana yake kinauzwa na kasoro zake zote na hutarudishiwa fedha. Tangazo linalosifu jalada kwa mistari mitano bila kutaja ramani limekwisha kukujibu.

Andika barua fupi yenye maswali manne: ramani ngapi, zote za asili? Picha ngapi kati ya ngapi? Kuna karatasi zilizokosekana au zilizotengenezwa? Kuna mihuri? Omba picha ya kila ramani ikiwa imefunguliwa. Muuzaji aliye katika chama kama ILAB, shirikisho la kimataifa la wauzaji wa vitabu vya kale, anawajibika kwa maelezo yake. Wa barabarani hawajibiki, lakini kwake ndiko bahati huangukia.

Mnadani ongeza ada ya mnunuzi kabla ya kuinua mkono. Mfano: nyundo ikigongwa kwa pauni 800, ada ya asilimia 25 ni pauni 200, kodi ya asilimia 20 juu ya ada ni pauni 40, jumla 1,040 kabla ya kufunga na kusafirisha. Andika kikomo chako kwenye karatasi, na kikomo hicho kiwe jumla ya mwisho.

Kwa bei zenyewe, kanuni ya soko ni hii: ramani kubwa ikikosekana, bei hushuka nusu au zaidi, mgongo uliofifia hupunguza kidogo, jalada la kitambaa la asili lililochakaa hupendwa kuliko ngozi mpya inayong'aa. Nakala zenye alama ya kibandiko cha Mudie's, maktaba kubwa ya kukodisha vitabu ya London, zilisomwa na watu wengi na huonekana hivyo. Ni nzuri kwa kusoma, na bei iendane na hali.

Hatua ya 7: Mihuri na sheria

Kila muhuri una maana. Ukiona wa maktaba, wa nyaraka za serikali, wa misheni au wa chuo, tafuta na muhuri wa kuondolewa. Usipokuwepo, kitabu kinaweza kuwa bado mali yao. Iandikie taasisi hiyo kabla ya kulipa. Chama cha ILAB kinaweka pia orodha ya vitabu vilivyoibwa, ipitie.

Kitabu kilichochapwa London kwa maelfu ni kimoja. Hati ya mkono ni kingine kabisa. Barua za Kiarabu, tenzi na daftari za biashara za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu hukutwa zimetiwa ndani ya vitabu hivi au zikiuzwa pamoja navyo. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006. Usivushe hati ya namna hiyo mpakani bila kuuliza idara husika na kupata kibali kwa maandishi.

Kwa kuingiza kitabu, mwambie muuzaji aandike kwenye ankara jina la kitabu, mwaka wa kuchapwa na bei halisi. Vitabu vya kuchapwa huingia chini ya namba 4901 ya forodha, na vitu vya kale vya zaidi ya miaka 100 chini ya 9706; viwango havilingani, kwa hiyo mwulize wakala kabla mzigo haujapaa. Ufungaji uwe: karatasi laini, plastiki ya mapovu tabaka mbili, kipande kigumu cha kadibodi kila upande kikizidi kona za kitabu kwa sentimita mbili, kisha maboksi mawili, moja ndani ya jingine. Kona zilizopondeka ndizo malalamiko ya kawaida zaidi, na tiba yake ni kadibodi hizo mbili.

Hatua ya 8: Siku ya kwanza nyumbani

Usikipeleke rafuni. Kiweke peke yake wiki mbili, juu ya karatasi nyeupe, na angalia kila baada ya siku mbili kama kuna unga au vumbi la mbao linalodondoka, dalili ya funza wanaotoboa karatasi. Ukiwaona, tia kitabu ndani ya mfuko wa plastiki, kamua hewa, funga kwa utepe, weka ndani ya friza kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi, kwa wiki mbili. Ukikitoa, kiache ndani ya mfuko saa 24. Ukiufungua mapema unyevu wa hewa huganda juu ya jalada, na utakuwa umebadilisha funza kwa ukungu.

Hatua ya 9: Kuishi na vitabu pwani

Nairobi au Arusha kazi ni nyepesi. Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam adui ni hewa. Ukungu huanza unyevu unapokaa juu ya asilimia 65 hadi 70 kwa siku kadhaa, na wakati wa masika chumba cha pwani hupita hapo kwa urahisi. Lengo ni asilimia 45 hadi 55, lakini kiwango kisichoyumba ni bora kuliko kizuri kinachopanda na kushuka. Kiyoyozi kinachowashwa usiku na kuzimwa mchana hufanya madhara: kitabu kilichopoa kinakutana na hewa yenye joto na maji, na jalada linatoa jasho. Feni ndogo inayozunguka muda wote ni afadhali.

Nunua kipima unyevu, hata cha bei ndogo. Rafu ya wazi iwe sentimita 10 kutoka ukutani, isiwe ukuta wa nje, na ubao wa chini uwe sentimita 15 juu ya sakafu. Nyuma ya vitabu acha nafasi ya vidole vitatu. Kabati la vioo lililofungwa pwani ni sanduku la ukungu, isipokuwa limewekewa silika jeli, na hapo hesabu ni kali. Kilo moja ya vitabu ikishuka kutoka unyevu wa asilimia 80 hadi 55 hutoa gramu 30 hadi 40 za maji, na silika jeli hushika karibu robo ya uzito wake. Kwa hiyo unahitaji takriban gramu 150 kwa kila kilo ya vitabu. Vile vifuko vya gramu tano vinavyokuja na viatu ni pambo. Ikishiba, ikaushe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili hadi tatu. Usijaze kupita kiasi: chini ya asilimia 35 ngozi na gundi hukauka na bawaba za jalada hupasuka.

Ukungu ukitokea usiufute ukiwa mbichi, utausugua ndani ya kitambaa. Tenga kitabu, kikauke mahali penye upepo na kivuli hadi ukungu uwe unga, kisha uupanguse nje ya nyumba kwa brashi laini ukiwa umevaa barakoa.

Mende hula wanga uliomo ndani ya kitambaa cha jalada na kuacha mabaka meupe. Vijidudu vya rangi ya fedha vinavyokimbia ukifungua sanduku hukwangua karatasi na gundi. Mchwa hupanda kimya kutoka sakafuni, kwa hiyo sogeza rafu na kagua miguu yake kila mwezi. Naftalini usiiweke: mvuke wake ni sumu kwako na harufu yake haitoki kwenye karatasi. Jua nalo ni adui. Kitambaa cha zambarau na chekundu cha miaka ya 1860 hugeuka kahawia kikiwa dirishani.

Hatua ya 10: Matengenezo, na ya kuacha

Mpasuko wa ramani unaweza kuuziba mwenyewe kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano uliopikwa, ukiweka kitambaa kikavu na uzito juu kwa saa kadhaa. Jaribu kwanza kwenye karatasi ya gazeti la zamani. Zaidi ya hapo, mpe mtaalamu wa uhifadhi. Usipake mafuta kwenye ngozi, usifute madoa ya kahawia kwa dawa, usijalidi upya kitambaa cha asili kwa sababu tu kimelegea: sanduku la kadibodi isiyo na asidi lililokatwa kwa kipimo chake linatosha.

Vitabu vya kawaida visimame wima vikiegemezana bila kubanwa. Albamu kubwa kama ya Guillain ilale. Ukitoa kitabu, sukuma majirani wake nyuma kidogo na ukishike katikati ya mgongo. Kidole kikivuta juu, kitambaa cha juu huchanika, na hilo ndilo jeraha la nakala nyingi zilizopo sokoni.

Weka daftari: tarehe ya kununua, muuzaji, bei na ada zote, hesabu uliyofanya, mihuri iliyomo, picha za kila ramani ikiwa wazi. Tia nakala ya ankara ndani ya bahasha, si ndani ya kitabu, kwa sababu wino na asidi yake huhama. Na ukinunua kwa makusudi nakala isiyo na ramani, unaweza kutengenezewa nakala ya ramani hiyo kwa ukubwa uleule kutoka maktaba. Iweke ndani ya mfuko, na nyuma yake andika kwa penseli kuwa ni nakala, mwaka iliotengenezwa, na kitabu ilikotolewa.